Wadau mliotembea msitu wa Amani (Muheza), muongozaji ni lazima kweli au ni kuongezewa gharama tu?

kitunguu_tabata

Habari za mida hii wakuu. Nina mpango wa kwenda Amani, ile hifadhi ya msitu kule Muheza, Tanga, wikiendi ya Nane Nane. Tupo watu watano: mimi, wife, mpwa wangu wa miaka kumi na jamaa wawili wa kazini ambao zoezi lao ni kupanda ngazi za ofisi, na hapo mpaka lifti iharibike. Porini kwa miguu hatujawahi kwenda, Mikumi tulienda lakini kule unakaa kwenye gari unaoneshwa twiga kwa kidole basi. Sasa nimepiga simu nikaambiwa kutembea ndani ni kwa muongozaji na analipwa nje ya kiingilio, nikajiuliza kama hakuna simba wala tembo huyu mtu ananilinda na nini hasa? Njia si zipo, na ramani ninayo kwenye simu.

Af nimeona picha mtandaoni watu wanabembea juu ya ziwa na wengine wanapiga kasia, hilo ziwa lipo upande gani wa Amani? maana wife ndio kalipenda hilo, msitu kwake ni ziada.

Kwa ufupi: muongozaji lazima au hiari, mwezi wa nane kunakuwaje, mtoto ataweza, na nitaona nini ili nikirudi Dar nisiulizwe ulifuata nini huko. Karibuni.

MtotoWaBombani

Karibu nyumbani kaka. Nianze na ziwa kabla hujaingia matatizo na shemeji yetu: hilo ziwa HALIPO Amani. Hiyo ni Magoroto, ipo Muheza hiyo hiyo lakini mlima mwingine na njia nyingine, ni eneo la watu binafsi, mashamba ya zamani ya michikichi ya enzi za Mjerumani, siku hizi vijana wa Dar wanajaa kila wikiendi kupiga picha. Pazuri tu sikatai. Amani ni kitu kingine, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (wakala wa serikali wa misitu), ya kwanza kabisa nchini kupewa hadhi hiyo mwaka 1997, kama hekta 8,380 hivi, hakuna bembea hakuna muziki. Kila mwaka watu wanapanda Amani na boya za kuogelea halafu wanatuuliza sisi ziwa liko wapi.

Usafiri: ukipanda basi la Tanga pale Mbezi mwambie konda akushushe Muheza, usifike Tanga mjini utakuwa umepitiliza. Pale Muheza kuna gari za kupanda Amani, zinaondoka mchana mpaka zijae, na zinajaa kweli, mahindi juu, kuku chini, na bibi mmoja lazima atakupakatisha kapu lake. Lami inaisha mapema, mbele ni kifusi, mvua ikinyesha ni utelezi. Geti ni Sigi, ndio unaanza kuingia msituni, halafu kutoka Sigi mpaka Amani juu ni kilometa kama tisa za kona na mawe. Kama mna gari binafsi iwe imenyanyuka, gari ndogo inafika kiangazi lakini utaisikia chini inavyolia.

Na ulale. Usije kwenda na kurudi siku moja, utaishia kuona barabara. Nyumba za wageni za hifadhi zipo Sigi na zipo Amani juu, za kawaida tu, kitanda safi na chakula ukiagiza mapema. Ukifika na njaa saa mbili usiku bila kutoa taarifa hiyo ni juu yako.

Chaga_la_unga

Mkuu hiyo hela nenda Saadani ukaone simba na bahari kwa mpigo. Amani ni miti. Miti hata kwetu Kasulu ipo na hatulipi mtu atuongoze. Mambo ya muongozaji ni ulaji tu, mtu anatembea mbele yako anakwambia "huu mti ni mkubwa" wakati unauona.

tochi_ya_sigi

Nimefanya kazi hiyo ya kuongoza wageni Amani, siku hizi nipo Tanga mjini na shughuli nyingine kwahiyo sitafuti wateja hapa, nisije nikaambiwa napiga debe. Ngoja nijibu kama nilivyokuwa naijua kazi.

Kwanza kweli hatukulindi na simba, simba hakuna, tembo hakuna, nyati hakuna. Anayedhani muongozaji ni askari ndio anaona hela inapotea. Kazi yenyewe ni macho na masikio. Msitu wa mvua una wanyama wengi lakini kila mmoja amejificha, kijani juu ya kijani, unaweza kutembea saa tatu ukarudi unasema sijaona kitu na ukawa umepishana na vitu thelathini. Nikupe mfano. Kima wakiwa juu wanapiga kelele, wewe unasikia nyani tu wanagombana. Lakini kelele zao haziko sawa, ipo ya kumuogopa ndege na ipo ya hatari nyingine, sasa ukisikia ile ya ndege unasimama hapo hapo unatafuta uwazi wa kuangalia juu, ukibahatika unamuona tai mwenye kishungi ambaye chakula chake ni hao hao kima na mbega. Mgeni aliye peke yake anakuwa ameinamisha kichwa anaangalia asikanyage mzizi, tai kapita zamani.

Pili vinyonga. Watu wengi wanakuja kwa ajili ya kinyonga wa pembe tatu, dume ana pembe kabisa usoni, yule ni wa milima ya Tanzania tu. Na yupo kinyonga mwingine mdogo sana, mwembamba kama jani lililokauka, anaishi chini chini vichakani. Mchana huwaoni hao, nakuambia ukweli, hata mimi mchana nawakosa. Usiku wakilala rangi yao inapauka na wanakaa kwenye ncha ya kijiti, ukipiga tochi wanang'aa kidogo kwenye giza. Kwahiyo matembezi ya usiku ndio yenyewe, na usiku ndio kabisa huwezi kwenda bila mwenyeji. Mtoto wa miaka kumi mpe tochi yake, atawaona kabla yako, watoto wanawahi sana kuona.

Usiku huo huo ukiwa umelala utasikia mlio wa ajabu juu ya miti, unaanza pole pole halafu unapanda kama mtu ananyongwa. Msianze kusoma dua za kufukuza majini. Ni perere, kamnyama kadogo tu ukubwa wa sungura, sauti ndio ameongezewa.

Tatu vyura. Najua hamna anayekuja kuona chura lakini Amani kuna chura mdogo wa msituni ambaye hatagi mayai majini, anazaa watoto wakiwa tayari vyura wadogo, maana ukiishi kwenye majani ya mteremko hata dimbwi la kulea viluwiluwi unalipata wapi. Wazungu wanatoka kwao wanakuja kupiga magoti kwenye matope kwa ajili yake.

Kuhusu njia na ramani ya simu. Njia kubwa zipo kweli, ya Mbomole kwenda kwenye kilele cha kuangalia, ya Kwamkoro, ya Derema, na ile ya kushuka kutoka Amani mpaka Sigi kwa miguu. Lakini njia za wageni zinakatana na njia za wanakijiji, za iliki, za chai, za kwenda msibani kijiji cha pili, na hazina kibao. Mtandao unakata kata, ukungu ukishuka kote kunafanana, na ukipotelea mteremko wa mto unaweza kutokea kijiji ambacho gari la mwisho limeshaondoka. Hufi, lakini wikiendi imeisha.

Wewe @Chaga_la_unga ulimpata wa "huu mti ni mkubwa" pole sana, wapo. Ndio maana ukifika ofisini usiseme tu nataka muongozaji, sema unataka nini. Kuna kijana anajua ndege kwa sauti, kuna mzee anajua miti na dawa, kuna ambaye usiku ndio wake. Sema mapema utapewa anayekufaa, ukinyamaza unapewa aliye zamu.

Chaga_la_unga

Sasa wewe umeandika insha mpaka nimeona aibu kuandika mistari mitatu. Ila swali langu bado lipo. Mimi Mtanzania kwenye msitu wa Tanzania, kwanini nilipie kuoneshwa? Si waweke vibao?

tochi_ya_sigi

Kiingilio cha Mtanzania kipo chini sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje, hapo nadhani huna kesi. Ya muongozaji ni ujira wa mtu. Hawa ni vijana wa vijiji vya kando ya msitu, na baba zao ndio waliokuwa wanalima iliki chini ya miti humo humo. Msitu wa Derema wakulima waliondolewa wakalipwa fidia ya mazao ili msitu wa Amani uungane na wa kaskazini, na iliki ndio ilikuwa ada ya shule, bati, mahari, kila kitu. Fidia uliza wenyewe watakujibu wanavyojibu. Sasa mtu ambaye msitu umemkataza kulima ukimwambia na kuongoza wageni pia weka kibao, anabaki na msitu wa kuangalia. Vibao vipo baadhi lakini kibao hakisikii kima.

Chaga_la_unga

Hapo kwenye iliki umeniweza. Naondoa neno ulaji. Bei ila wangeziandika wazi mtandaoni, hilo siondoi.

bi_mkubwa_kicheba

Wanangu nimeona mnaongelea Amani nikasema na mimi nichangie, nilifanya kazi huko juu miaka mingi kabla sijastaafu.

Mnakwenda kuangalia wanyama lakini nusu ya Amani ni historia na muongozaji asipokuonesha hiyo muulize. Wajerumani walifungua pale kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka dunia nzima kujaribu ipi itafaa koloni lao, mikwinini ya dawa ya malaria, mipira, viungo, mpaka leo ile bustani ipo na miti ni mirefu mpaka shingo inauma. Reli yao ilikuwa inafika Sigi, ile nyumba unayokatia risiti getini ilikuwa ya stesheni masta. Akaja Mwingereza akafanya utafiti wa mihogo, hii mihogo yenu mnayokula na chachandu msiidharau, miaka ya 1930 pale Amani ndio walikuwa wanahangaika kutafuta mbegu isiyoshikwa na ugonjwa wa batobato, wakawa wanachanganya muhogo na jamaa zake wa porini. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia nao ulielezwa kwa mara ya kwanza na mtafiti wa hapo hapo. Baadaye pakawa pa utafiti wa malaria, ndio hiyo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, siku hizi ofisi kubwa zimeshuka Muheza mjini lakini majengo ya juu yapo.

Na katika hiyo miti ya kuletwa kuna mmoja umeleta balaa, kitaalamu unaitwa Maesopsis, asili yake ni magharibi huko Kagera na Uganda. Ulipandwa kwa mbao. Msitu ulipokatwa katwa na kampuni za mbao mpaka katikati ya miaka ya 1980 mwanga ukaingia, nao unapenda mwanga, na hondohondo wanapenda tunda lake, wanameza huku wanakwenda kudondosha mbegu kule. Ukitembea utaona sehemu ni mti huo tu umejipanga, chini pakavu hapana vitu vingi. Sehemu yenye msambu na mnyasa wenyewe wa asili utaona tofauti hata kwa harufu. Mwambie muongozaji akupitishe kote kuwili, usikubali kupitishwa kwenye msitu wa hondohondo peke yake ukadhani umeuona wa Usambara.

Na neti mlalie, hasa Sigi maana ni chini na joto. Amani juu ni kama mita 900 na ushee, mbu wapungufu ila wapo. Kuna watu wanaona baridi wanasema huku hakuna malaria. Wapi.

kitunguu_tabata

Shikamoo mama, asante sana. Na wewe tochi asante, aisee nimesoma yote nikamsomea na wife, kwenye perere akasema halali huko bila mimi kukaa upande wa dirisha.

Maswali ya nyongeza. Baridi ya mwezi wa nane ikoje? Viatu ni vipi, raba za mazoezi zinafaa? Nyoka? na lile ua la zambarau la kwenye vyungu nimesikia asili yake ni huko, je linaonekana au ni hadithi ya matangazo.

bi_mkubwa_kicheba

Marahaba mwanangu. Mwezi wa nane beba sweta, usiku unajifunika blanketi. Mvua usijidanganye kwamba ni kiangazi, masika ni Machi mpaka Mei na vuli Oktoba mpaka Desemba lakini Amani mvua inanyesha mwezi wowote inapojisikia, kwa mwaka inafika milimita 2,000 huko. Ndio maana msitu upo. Ila Juni mpaka Septemba njia zinatembeleka.

tochi_ya_sigi

Raba za mazoezi zenye soli laini zitakuangusha, udongo ni mwekundu unateleza na majani yaliyooza juu yake. Kiatu chenye meno, hata yale mabuti ya mvua ya plastiki ya elfu kumi na kitu pale soko la Muheza ni bora kuliko raba ya laki. Suruali ndefu, soksi ndefu, chomeka suruali ndani ya soksi. Hutapendeza kwenye picha, siafu hawajali. Siafu ndio adui wenu namba moja, muongozaji akisema rukeni msiulize kwanini, rukeni, mkifika mbele ndio muulize.

Nyoka wapo, ni msitu. Bafe analala kwenye majani makavu na huwezi kumtofautisha, hahangaiki kukukimbia kwahiyo ndio sababu mnafuatana mstari mmoja nyuma ya muongozaji na mtoto anakuwa wa pili au wa tatu, hatangulii mbele hata akiwa na nguvu. Na usishike tawi la kujishikilia bila kuliangalia, nyoka wa mitini wapo, na miiba, na mimea ya kuwasha. Niseme tu kwa miaka niliyofanya kuumwa na nyoka kwa mgeni sijaona, kuanguka ndio kila siku, hasa hao wa lifti.

Ua si hadithi. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyachukua akapeleka mbegu kwao, ndio yakaenea madirisha yote ya Ulaya na Marekani. Ya porini ni madogo kuliko ya kwenye vyungu, yanashika kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, mengi karibu na mto. Ukishuka ile njia ya Amani kwenda Sigi ndio nafasi nzuri ya kuyaona. Usichume, na usimruhusu mtu akuchumie akupe zawadi. Ile njia ya kushuka ni ndefu na magoti yanatetemeka, hao jamaa zako wawili wasije wakakudai fidia, lakini kama mnataka njia moja tu ya mchana mimi ningechagua hiyo. Mbomole ni fupi, ina mandhari, inafaa siku mnayofika mmechoka na gari.

Mtoto ataweza kwa sharti moja, msimkimbize. Kosa la vikundi vya kutoka mjini ni mwendo, wanatembea kama wanawahi daladala, wanataka kufika. Kufika wapi? Hakuna mwisho wa msitu ambako kuna kitu kimewekwa. Saa moja kwa kilometa moja ni mwendo mzuri tu. Kikundi cha watu kumi na tano wenye spika ya bluetooth hata mbega hawaoni, na mbega ni mweusi ana mabega meupe na anakaa mahali pa wazi kabisa.

mwanasokoke254

Sasa watu wa TZ. Mimi niko Kilifi, Kenya, nafanya hii kazi ya kuongoza wageni msitu wa Arabuko-Sokoke, tumezoea kufundishana na wenzetu wa kutoka Amani kwa sababu tuna ndege wa kushare. Kile chozi mdogo wa Amani tunaye huku pia, na bundi wa Sokoke, yule mdogo kabisa, alikuwa anajulikana wa kwetu pekee mpaka akapatikana miaka ya tisini kwa misitu ya chini huko Usambara Mashariki. Watu wanafly kutoka Uingereza kumuona. Na nikuambie bila guide huwezi muona, analala mchana kwa kichaka kile kile, guide anajua kichaka. Mwenye anasema weka signboard, utaweka signboard kwa bundi?

Sokoke lakini si msitu wa mvua, ni msitu mkavu wa pwani, tambarare, kutembea ni rahisi. Msitu wa mvua kwetu ni Kakamega, na huko pia unatembea na guide wa pale kijijini. Amani nimewahi kufika, mlima umenimaliza, mimi ni mtu wa pwani.

Swali kwa wenyeji: ule mradi wa vipepeo bado uko? Sisi Gede tuko na Kipepeo tangu 1993, wakulima wanakuza mabuu wanauza nje, na Amani walianza baadaye kwa mfano huo.

MtotoWaBombani

Karibu jirani. Vipepeo bwana, hilo ni donda. Wanawake wengi wa vijiji vya Amani walikuwa wanafuga, wana vibanda vya neti, wanapanda majani wanayokula viwavi, buu likishajifunga linapakiwa linasafirishwa Ulaya na Marekani kwenye maonesho linaanguliwa huko. Hela ilikuwa inaonekana. 2016 serikali ikasimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na kipepeo akahesabika mnyama hai kama nyani na kasuku, basi biashara ikasimama. Shangazi yangu alikuwa na kibanda, sasa anafuga kuku wa kienyeji humo humo ndani ya neti.

Chaga_la_unga

Kipepeo na nyani sheria moja 😂 hii nchi

dada_wa_Pongwe

Naomba na mimi niweke neno watu wa Tanga mjini mtanisaidia. Kila tukiongelea Amani ni watalii watalii, lakini maji ya bombani Tanga yanatoka huko. Mto Zigi unatoka kwenye hiyo misitu unashuka mpaka bwawa la Mabayani ndio tunapelekewa majumbani. Mwishoni mwa 2003 kuingia 2004 walivamia wachimba dhahabu huko juu, maelfu ya watu, wakachimba mpaka kwenye vijito, na zebaki juu, serikali ikawatoa. Kwahiyo ukilipa kiingilio chako usione umelipia kuangalia miti, mwenzio naogea hiyo miti.

Af @kitunguu_tabata mkipanda mtakuwa mnapita mashamba ya chai na vijiji vya viungo, nunueni iliki na mdalasini na pilipili manga kwa watu wenyewe njiani, ni bei nafuu kuliko Kariakoo na ni mbichi kweli. Wife akikosa ziwa apate viungo.

kitunguu_tabata

Basi mmenimaliza. Nimeongea na hao wa lifti, mmoja amejitoa aliposikia siafu, tumebaki wanne. Mpango ni huu, nirekebisheni: ijumaa tunatoka Dar alfajiri, tunafika Muheza mchana tunaunga gari ya Amani, tunalala juu. Jumamosi asubuhi na mapema msitu, jioni mapumziko, usiku vinyonga. Jumapili tunashuka ile njia ya kwenda Sigi kwa miguu na muongozaji, mizigo inatangulia na bodaboda, halafu Magoroto kwa ajili ya ndoa yangu, jumatatu narudi Dar, nimeomba ruhusa. Malipo ni pale pale taslimu?

tochi_ya_sigi

Malipo ya hifadhi ni kwa kontroli namba, unapewa ofisini unalipa kwa simu, kwahiyo hakikisha salio lipo kabla hujafika kwenye kukata kata kwa mtandao, na beba kitambulisho cha taifa wote watu wazima ili mlipe bei ya Mtanzania, kuna watu wanaacha nyumbani wanaanza kubishana kwa lafudhi. Taslimu beba ya chakula, viungo, bodaboda na asante ya muongozaji, si lazima lakini kijana akikuonesha kinyonga watatu usiku halafu umpe mkono mtupu, mh.

Mpango wako mzuri ila jumapili umeijaza. Kushuka mpaka Sigi kwa mwendo wa mtoto mtakula nusu siku na zaidi, kisha mtafute usafiri wa Muheza, kisha Magoroto ambayo nayo ni mlima. Mtafika ziwani jua linazama mna matope mpaka magotini.

MtotoWaBombani

Naungana na tochi. Hiyo jumapili shukeni Sigi mkalale Muheza mjini gesti zipo, jumatatu alfajiri Magoroto, mchana basi la Dar. Au kama jumapili hiyo hiyo ni lazima, achaneni na kushuka kwa miguu, shukeni na gari la asubuhi kutoka Amani, lakini hilo linaondoka bado giza na halisubiri mtu, dereva anapiga honi mara moja tu. Waambieni wa nyumba ya wageni usiku wake wamwambie konda mpo wanne, la sivyo mtaanza kutafuta bodaboda nne, na hapo Amani jumapili asubuhi bodaboda wako kanisani na wengine wamelala. Magoroto nako pigeni simu mapema, Nane Nane huwa wanajaa.

kitunguu_tabata

Tunalala Muheza basi. Wife kauliza kama hizo gesti zina maji ya moto.

MtotoWaBombani

Ya ndoo zipo. Ukiomba wanachemsha.